Mkeka wa Mwali Barabarani

Kibaha, 11 Februari 1951

Dada yangu Mwanamvua,

Shikamoo. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na mwanetu Swaumu. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Mboni alishikwa na homa mwezi uliopita, lakini sasa amerudi kunifokea kama zamani, na hiyo ndiyo dalili ya afya yake. Anakuamkia sana.

Dada, nimeacha kazi ya mkonge. Usishtuke. Nimejenga kibanda hapa kando ya njia ya Morogoro, mahali malori yanaposimama kutia maji na kupoza injini. Watu hushuka, wakanyoosha miguu, wakala muhogo wa kuchoma, wakaondoka. Nimekaa nikiwatazama, nikaona wanachokosa. Hawana cha kulalia. Wanajilaza juu ya magunia na mbao, na wengine wanakwenda mbali.

Basi nakuomba, wewe na wanawake wanaosuka nawe, mnisukie majamvi. Majamvi ya miyaa, mapana, ya haraka, bila rangi wala nakshi. Bei iwe ya mtu wa lori. Likimchakalia atanunua jingine akirudi. Nakuambia kweli, hapa pana riziki yetu sote.

Ni mimi mdogo wako,
Kibwana


Kurui, 4 Machi 1951

Kibwana,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tunaamka. Swaumu bado yumo ndani, amenawiri, amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Kungwi wake, Bi Mwanne, anasema siku ya kumtoa watu watauliza huyu mtoto wa nani. Nami nikikumbuka baba yake alivyotuacha akiwa mchanga, namwambia Bi Mwanne ajibu: mtoto wa Mwanamvua, na mjomba wake ni Kibwana. Mpe pole Mboni kwa homa, na umpe pole tena kwa kuolewa nawe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikidhani ya kwanza nilikosea. Majamvi? Mkono wa mama yetu usuke majamvi? Jamvi anasuka yeyote mwenye vidole na njaa.

Umekulia katika nyumba hii lakini naona ulikuwa ukila tu, hutazami. Mkeka wetu hauonyeshwi mtu. Kungwi ndiye anayekuja kuagiza, na ndiye anayekuja kuuchukua, umekunjwa ndani ya kanga. Watu huuona siku mwali anapokalishwa juu yake, na hapo ndipo mama mwenye mwali mwingine anaposhikwa na wivu, akamfuata kungwi pembeni kumuuliza. Bei haipunguzwi, maana ni mama gani atakubali isemwe mwanawe alikalishwa juu ya kitu cha kuombea nafuu? Na kungwi naye tunamsukia msala wake wa kuswalia, hatutaji fedha. Anayetaka mkeka husubiri. Hatujapata kumwita mtu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo sisi ni tumbo moja, sitaki uje useme nilikunyima riziki. Nimempa Abdala dereva mikeka sita ya wanawali akuletee. Uiuze kama tunavyouza sisi.

Dada yako,
Mwanamvua


Kibaha, 29 Aprili 1951

Dada yangu,

Shikamoo. Mzigo ulinifikia katikati ya mwezi huu. Abdala alikwama kwenye matope, akalala porini, lakini mikeka aliifunika turubai na imefika mikavu. Mungu ambariki. Mvua huku imebomoa choo chetu, na Mboni ananiambia nijenge kingine kabla sijajenga biashara.

Dada, umeniambia niuze kama mnavyouza. Kungwi hapa nimtoe wapi? Mtu anashuka kwenye lori, utingo anapiga bodi, mtu anapanda. Nikiificha mikeka ndani ya kanga, nikangoja wivu wa akina mama, tutakula kanga. Nikaitundika nje. Watu wanakuja, wanaishika, wanasema lo, kazi hii! Wakisikia bei wanacheka na kwenda kununua muhogo. Kizuri chajiuza, umesema. Hiki kimening'inia hapo siku nyingi na hakikujiuza hata kwa mbuzi.

Basi nimepiga debe, nimeita watu, na bei nimeishusha mpaka nusu. Usinikasirikie. Mkeka ukining'inia juani rangi inapauka, na wa kupauka nani atautaka?

Narudia maneno yangu ya kwanza. Nipe majamvi. Mikeka yako ni mizuri, tena mizuri mno, lakini hapa si mahali pake.

Mmoja umetoka, alhamdulillahi.

Kibwana


Kurui, 27 Mei 1951

Kibwana,

Marahaba. Ramadhani imetukaribia na mahindi yameliwa na nguruwe. Swaumu anakusalimu, anasema mjomba asisahau kanga ya Idi.

Nusu ya bei! Habari zimetangulia kabla ya barua yako. Mke wa Abdala kazisema kisimani, na jana mama mmoja wa hapa, aliyenunua kwangu mwaka jana kwa bei kamili, kapita mlangoni kwangu kama hanijui. Unadhani alinunua ukindu na rangi? Alinunua kujua kwamba si kila mtu anaweza. Sasa utingo wa lori anaweza. Bi Mwanne naye ananiuliza, yeye atamwambia nini mama mwenye mwali, kwamba angoje miezi miwili au apande gari aende Kibaha akaokote?

Rudisha bei. Na huo mmoja uliotoka kauchukua nani? Wa harusi gani? Hukuniambia.

Majamvi usinitajie tena.

Mwanamvua


Kibaha, 15 Julai 1951

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema japo imepita. Utaona katika mzigo huu kanga ya Swaumu, sukari, na kitambaa chako cheusi cha buibui. Kitambaa kachagua Mboni, mimi ningekuletea cha mapazia.

Dada, furahi. Mikeka yote imekwisha. Na bei nimeirudisha kama ulivyotaka, na watu wanatoa bila kubisha. Wanakuja wenyewe, mpaka kutoka Mlandizi, watu wazima wenye heshima zao, wanauliza: ndiye wewe mwenye ile mikeka? Sipigi debe tena. Sasa naelewa ulivyosema.

Leta mingine, yote uliyo nayo. Niandikie na habari za Swaumu, kama pana posa. Kwetu mwali haozwi bila mjomba, nami sitaki kuambiwa siku imebaki moja.

Mdogo wako,
Kibwana


Kurui, 5 Agosti 1951

Kibwana wangu,

Marahaba, marahaba sana. Kitambaa kimenipendeza, mwambie Mboni Mungu amzidishie macho. Nimesoma barua yako kwa sauti, wanawake wote barazani wakapiga vigelegele. Nilitamani mama angekuwapo asikie kwamba mkono wake umefika mpaka Mlandizi.

Nimekuletea kumi. Baadhi nimewanyang'anya watu walioagiza hapa. Nimewaambia wavute subira, maana ndugu yangu ana wateja wa heshima.

Na posa ipo. Ni kijana wa Maneromango, fundi cherehani, watu wao ni wa dini na hawana makeke. Wazee wamesema tumtoe Swaumu na kumwoza pamoja, mwezi wa kumi. Mkeka wake nimeanza kuusuka kwa mkono wangu, na hakuna atakayeugusa mwingine. Nitakuandikia siku.

Dada yako anayekupenda,
Mwanamvua


Kurui, 9 Septemba 1951

Kibwana,

Salamu nimezitafuta sikuziona.

Bi Mwanne alikwenda Mlandizi kumzika shemeji yake. Amerudi, hakuingia ndani, amesimama uani kwangu na mkeka aliouchukua kwa ajili ya mwali wake mwingine, akautua chini. Anasema jeneza lilipotoka aliujua mkeka ulio juu yake kabla haujamfikia, kwa ule ukingo wa zambarau na nyekundu aliouanzisha mama yetu. Akadhani macho yamemdanganya. Akauliza watu, hii mikeka mnaipata wapi? Wakamjibu bila wasiwasi: ni ya kuzikia, inauzwa Kibaha, kwa Kibwana. Wanayo kawaida sasa, mtu mzima akifa anatumwa mtu kwako.

Hao ndio wateja wako wa heshima.

Wote walioagiza wamekuja kuvunja maneno yao. Hakuna aliyegomba, laiti wangegomba. Wanaongea polepole kama watu waliokuja matangani. Na wazee wa Maneromango wametuma mtu. Binti wanamtaka, mkeka hawautaki. Hawawezi kumkalisha bibi harusi juu ya kitu cha maiti, na wanauliza mama gani huyu anayesuka vyote viwili kwa mkono mmoja. Swaumu yumo ndani, kasikia kila neno, maana kuta zetu ni za udongo.

Ulijua. Uliniandikia kwa furaha ile, ukala vigelegele vyangu, na ulijua. Sema neno moja la kunifanya nisikuchukie.

Mwanamvua


Kibaha, 30 Septemba 1951

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Mboni amesema niandike ilivyokuwa, basi.

Ulikuwa mwezi wa nne, ile siku nilipokuwa nimetundika mikeka yako na hakuna anayenunua. Lori la mkonge likasimama. Nyuma, juu ya mbao tupu, kulikuwa na maiti. Kijana mdogo, mtu wa bara, kafa kwa homa, na wenzake wanampeleka wakamzike mbele huko. Walimfunika gunia, miguu ikawa nje. Jua kali, nzi, na watu wamejaa kando ya njia wanatazama. Wenzake wakashuka wakaniomba kitu chochote cha kumlazia. Ningekuwa na jamvi ningewapa jamvi, dada. Sikuwa na jamvi. Uliona jamvi halifai kwa mkono wako. Nilichokuwa nacho ni mikeka ya wanawali, sita, inaning'inia mbele ya macho yao. Ulitaka niseme nini, huu ni wa harusi, mwacheni aungue?

Nikautungua, nikawapa. Hawakuwa na kitu, sikuwadai kitu. Ndio ule mmoja uliotoka.

Waliokuwapo wakaona maiti alivyopendeza, kijana asiye na kwao amelala kama mtoto wa jumbe. Mzee mmoja wa Mlandizi akaja wiki ileile, baba yake amekufa, akasema: baba yangu si mdogo kuliko yule. Nikamuuzia. Wakaja wengine. Wao hawajui mwali wala kungwi wako, kwao ni mkeka mzuri wa kumpa mtu heshima ya mwisho, na katika heshima hiyo hapana aliyetaka kupunguziwa. Mimi nilikuwa nimekaa na njaa, biashara imesimama ghafla kwa miguu yake. Nilikuficha, kweli. Ningekuambia ungeniletea mingine?

Na usidhani nacheka huku. Kati ya ile kumi, saba iko nyuma ya kibanda. Waliokuwa na uwezo wamekwisha zika, wenye kufiwa sasa wanaona ghali kufukia rangi zote zile udongoni, na mwenye harusi akipita mbele yangu anageuza uso. Ile nusu bei niliyoitangaza mwanzoni nayo haijasahauliwa, kila anayekuja anasema mbona zamani ulikuwa ukitoa kwa nusu. Mkeka una mwendo wa Kurui, mlango wa Kibaha na bei ya kila siku nyingine. Utakwenda wapi? Ningeuza majamvi kwa watu wa majamvi, nawe ukauza mikeka kwa makungwi wako, leo kila mtu angekuwa anakula kwake na tunaamkiana. Wewe ukaona aibu ya jamvi, mimi nikaona aibu ya kukurudishia mzigo. Nakutaka nawe ulitazame hilo, usiliweke lote kichwani kwangu.

Lakini Swaumu hana kosa. Mimi ndiye mjomba wake. Mkeka nitautafuta mimi, popote, kwa mtu yeyote wanayemtaka wao, na nitakuja nao begani kwa miguu kama Abdala hana nafasi. Niandikie siku. Nitukane mbele ya watu wote nikifika, nitakaa kimya. Niandikie siku tu, dada.

Kibwana


Kurui, 28 Oktoba 1951

Kibwana,

Barua yako ilifika mapema, haikukwama popote. Mimi ndiye niliyeikalia.

Harusi ilikuwa juzi Ijumaa. Swaumu ameolewa na amekwisha kwenda kwao Maneromango. Alipendeza. Kanga yako ya Idi aliivaa, sikuweza kumkataza.

Mkeka nilinunua kwa Yosefina wa huko misheni. Wamjua, alijifunza kusuka barazani kwangu. Aliondoka mwezi wa nane, wakafuata wengine, nami sikukuandikia kwa sababu nilikuwa bado najivuna kwako. Anasuka mikeka myeupe isiyo na ukingo wowote, na wote walioniacha mimi wako kwake. Nikasimama uani kwake nikaagiza kama mteja. Hakunipunguzia bei, na vizuri, nilimfundisha mwenyewe. Ule niliomsukia mwanangu nimeufumua ukili baada ya ukili.

Kuhusu majamvi, huenda una haki. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Sasa lililobaki. Wazee wa kiume walipokaa, Adamu, mtoto wa baba yetu mdogo, alikuwa amejiweka tayari mahali pako. Mzee wa upande wao akasema, huyu ni wa baba mdogo, tunamtaka mjomba hasa, wa tumbo moja na mama. Yuko wapi? Watu wote wakageuka kunitazama. Nikaona nikikutaja watajua ndiye wewe wa Kibaha, na mambo yote yatachimbuliwa mbele ya mwanangu siku yake. Nikasema mjomba wake amekufa.

Wakasema innalillahi. Wa kwetu wanaokujua wakainamisha vichwa, hakuna aliyenikanusha. Wakamkubali Adamu, mambo yakaendelea. Mimi nililia sana, nao wakadhani nakulilia wewe. Sijui kama walikosea.

Mikeka saba usiirudishe. Na barua usilete tena, watu wa hapa wanajua mwandiko wako.

Mwanamvua


Kibaha, 18 Novemba 1951

Dada Mwanamvua,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Barua hii kaiandika Mboni, maneno ni yangu, ili mwandiko usikutie matatani.

Sisi wazima. Mvua za vuli zimeanza na choo kimesimama safari hii.

Juzi lori la Morogoro lilisimama, wakashuka wazee wawili wenye kanzu, wakamuuliza Mboni kama hapa ndipo nyumbani kwa marehemu Kibwana, mjomba wa Swaumu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia naikung'uta ile mikeka, mchwa wameanza kuifuata. Kumbe ni wakwe zetu wa Maneromango. Walisikia harusini kwamba nimekufa, jina langu na mahali nilipokaa wakayasikia kwa Swaumu, wakaona si adabu kupita njia hii bila kumpa mjane pole. Wamemletea mchele.

Mboni akachungulia upande wangu. Ningeweza kutoka. Nilifikiri nikitoka, jioni ileile mtajulikana kuwa mmeongopa mbele ya Kurani, na Swaumu hajatimiza hata mwezi katika nyumba ya watu. Nikamtikisia kichwa. Akajifunika kanga akaketi chini.

Wakakaa, wakaniongelea. Wamesema wamesikia ndani ya lori kwamba mwenye kibanda hiki alimtungulia maiti wa watu asiowajua mkeka wa harusi, bure, na kumbe ndiye marehemu wao. Mmoja akasema mtu kama huyo dada yake ana haki ya kumlilia vile. Dada, katika mwaka huu wote sijasikia neno jema kama hilo, na nililisikia nikiwa nimeshika mdomo wangu kwa mkono.

Kisha wakaniombea dua, wakataja jina langu na jina la mama yetu, wakaniombea kaburi lenye nafasi. Mboni alikuwa akilia kweli. Walipofika mwisho niliitikia amina pamoja nao, kwa sauti ndogo, wasinisikie.

Kibwana